Mwili, Saa na Safari ya Kurejea: Historia ya Ratiba ya Siku ya Wanaanga katika Hali ya Kutokuwa na Uzito, 1961–2020

Ikisiri

Insha hii inachunguza namna ratiba ya siku ya mwanaanga ilivyoundwa na uzoefu wa mwili katika hali ya kutokuwa na uzito, kuanzia safari ya Gherman Titov ya mwaka 1961 hadi matokeo ya utafiti wa mzunguko wa damu yaliyochapishwa mwaka 2019 na 2020. Hoja kuu ni kwamba mwili unaodhoofika angani hauugui. Unajirekebisha kulingana na mahali ulipo. Tatizo huzaliwa siku ya kurejea. Kwa sababu hiyo, saa za mazoezi zinazotengwa kila siku katika vituo vya anga ni gharama inayolipwa mapema kwa ajili ya siku hiyo moja. Insha inaonyesha kwamba saa hizo hazikubuniwa kwa mkupuo. Ziliongezwa hatua kwa hatua, kila mara baada ya wanaanga fulani kurudi wakiwa wameshindwa kufanya jambo ambalo awali walilifanya bila kufikiri.

1.0 Utangulizi

Historia ya safari za binadamu angani huandikwa mara nyingi kwa kufuata mashindano ya mataifa: nani alitangulia, kwa roketi ipi, na kwa fahari ya nani. Katika masimulizi ya aina hiyo mwili wa msafiri huonekana mara mbili tu, wakati wa kuondoka na wakati wa kushangiliwa. Yaliyoupata katikati huachiwa madaktari. Hata hivyo, tangu safari zilipoanza kupimwa kwa majuma na miezi badala ya saa, mwili ndio uliokuwa kipimo cha mwisho cha mafanikio. Chombo kingeweza kurudi salama, ilhali mtu aliyekuwamo hawezi kusimama.

Insha hii inaichukua ratiba ya siku kama ushahidi wa kihistoria. Saa ya kuamka, saa ya kula, dakika za kukimbia juu ya mashine na muda wa kulala zina asili yake. Kila kipengele kiliingizwa kwa sababu, na mara nyingi sababu hiyo inaweza kutajwa kwa jina la chombo na mwaka. Mjadala umepangwa kwa kufuata wakati, ukianzia kwenye hofu za awali, ukipitia safari ya Soyuz 9, kituo cha Skylab, vituo vya Salyut na Mir, na kuishia katika Kituo cha Kimataifa cha Anga.

2.0 Maana ya Kutokuwa na Uzito

Ni vema kuondoa kwanza dhana moja potofu. Mwanaanga aliye katika mzingo haelei kwa sababu Dunia imeacha kumvuta. Katika kimo cha kilomita 400 hivi, ambako Kituo cha Kimataifa cha Anga huzunguka, nguvu ya mvutano wa Dunia bado ni takribani asilimia 90 ya ile iliyopo ardhini. Chombo na vyote vilivyomo vinaanguka kuelekea Dunia wakati wote, lakini vinakwenda mbele kwa kasi kubwa kiasi kwamba mkunjo wa Dunia unawakwepa, na mzunguko mmoja humalizika kwa dakika 90 hivi. Kwa kuwa sakafu na mtu vinaanguka pamoja, sakafu haimsukumi mtu. Msukumo huo wa sakafu dhidi ya nyayo ndio binadamu anaouhisi kama uzito.

Athari zake kwa mwili zinafuata mantiki moja. Viungo ambavyo kazi yake ni kupambana na uzito hukosa kazi. Misuli ya mapaja, ndama za miguu na mgongo husinyaa. Mifupa ya nyonga, uti wa mgongo na miguu hupoteza madini, nayo kalsiamu inayotoka humo hupita kwenye mkojo na kuongeza hatari ya mawe katika figo. Damu na majimaji yaliyozoea kuvutwa kuelekea miguuni huhamia kifuani na kichwani, hivyo uso huvimba, pua huziba na miguu hukonda. Kiungo cha usawa kilichomo katika sikio la ndani hutuma habari zisizolingana na kile kinachoonwa na macho, na matokeo yake ni kichefuchefu cha siku za mwanzo. Uti wa mgongo nao hurefuka kwa sentimita kadhaa.

Ikumbukwe kwamba karibu mabadiliko haya yote ni mwitikio wa kawaida wa mwili wenye afya. Mwili hautunzi kile usichokitumia. Mtu ambaye angekusudia kubaki angani maisha yake yote asingehitaji mapaja yenye nguvu. Ratiba ya mwanaanga ni jitihada ya kuudanganya mwili ili uendelee kujiandaa kwa ulimwengu ambao kwa wakati huo haumo.

3.0 Hofu za Mwanzo, 1957–1965

Kabla ya mwaka 1961, madaktari hawakuwa na njia ya kumweka binadamu katika hali ya kutokuwa na uzito kwa zaidi ya dakika moja hivi, nayo ilikuwa kwa kurusha ndege katika mkondo wa upinde. Wanyama walitangulia. Mbwa Laika, aliyerushwa na Umoja wa Kisovieti tarehe 3 Novemba 1957, alithibitisha kwamba kiumbe hai kinaweza kufika katika mzingo kikiwa hai, ingawa alikufa saa chache baadaye kwa joto la chombo. Maswali yaliyobaki yalihusu mambo ya kila siku. Je, mtu ataweza kumeza? Je, macho yatabadilika umbo na kushindwa kusoma vipimo vya chombo?

Yuri Gagarin alijibu sehemu ya maswali hayo tarehe 12 Aprili 1961, kwani katika safari yake ya dakika 108 alikula na kunywa. John Glenn, tarehe 20 Februari 1962, alikula tufaha lililopondwa kutoka kwenye mrija na kusoma ubao mdogo wa kupimia macho. Lakini safari hizo zilikuwa fupi mno kuweza kuitwa maisha. Aliyekuwa wa kwanza kuishi angani, kwa maana ya kupitisha mchana na usiku, ni Gherman Titov. Alirushwa ndani ya Vostok 2 tarehe 6 Agosti 1961 akiwa na umri wa miaka 25, akazunguka Dunia mara 17 kwa muda wa zaidi ya saa 25. Alilala, na alipoamka aliona mikono yake ikielea mbele yake. Aliugua pia kichefuchefu na kizunguzungu. Kwa hiyo binadamu wa kwanza kulala angani ndiye pia wa kwanza kuugua huko, na tangu hapo siku za mwanzo za safari hazikuweza tena kupangwa kana kwamba mwili uko tayari kwa kazi.

Marekani iliendeleza uchunguzi huo kwa mradi wa Gemini. Gemini 4 ilikaa siku 4, Gemini 5 siku 8, na Gemini 7, iliyowabeba Frank Borman na James Lovell mwezi Desemba 1965, ilikaa siku 14. Wanaanga hao walibanwa ndani ya chumba kidogo kama viti vya mbele vya gari, na mazoezi yao yalikuwa ya kuvuta kamba ya mpira. Walipotua walitembea wenyewe juu ya sitaha ya meli. Matokeo hayo yalitia matumaini, kwani safari ya kwenda Mwezini na kurudi ingechukua muda mfupi kuliko huo. Swali la muda mrefu zaidi likaachwa kando.

4.0 Soyuz 9: Somo la Juni 1970

Swali hilo lilirudi tarehe 19 Juni 1970. Andriyan Nikolayev na Vitaly Sevastyanov, waliorushwa tarehe 1 mwezi huohuo, walitua ndani ya Soyuz 9 baada ya takribani siku 18. Hakuna binadamu aliyekuwa amekaa muda mrefu hivyo. Walipofunguliwa mlango hawakuweza kutoka na kutembea bila msaada. Miili yao wenyewe iliwaelemea, mioyo ilidunda kwa kasi kila walipojaribu kuinuka, na ilichukua siku kadhaa kabla ya kutembea kama kawaida.

Sababu zilikuwa zaidi ya moja. Chombo kilikuwa kikizungushwa polepole ili mabamba ya kukusanya nishati yaelekee jua, na mzunguko huo uliongeza kizunguzungu. Nafasi ilikuwa finyu. Aidha, mazoezi hayakufanyika kwa kiwango kilichotosha. Jambo lililo muhimu kihistoria ni tafsiri iliyotolewa. Wapo walioona kwamba binadamu amefikia ukomo wake, na kwamba siku 18 ndizo mpaka. Wapo waliosema kwamba kilichoshindwa ni mpangilio wa siku. Tafsiri ya pili ndiyo iliyochukuliwa na Taasisi ya Matatizo ya Tiba na Baiolojia ya Moscow, iliyoanzishwa mwaka 1963, nayo ikazaa vifaa vilivyotumika kwa miongo iliyofuata: mashine ya kukimbilia yenye mikanda ya mpira inayomvuta mtu chini, na vazi lililoitwa Pengwini, ambalo nyuzi zake za mpira humkunja mvaaji ili misuli ifanye kazi ya kujinyoosha mchana kutwa.

Tafsiri hiyo ilijaribiwa upesi na kwa uchungu. Kituo cha kwanza cha anga, Salyut 1, kilirushwa Aprili 1971. Georgy Dobrovolsky, Vladislav Volkov na Viktor Patsayev waliishi humo hadi safari yao ikafikia siku 23. Tarehe 30 Juni 1971 kapsuli yao ya Soyuz 11 ilitua vizuri, lakini wote watatu walikuwa wamekufa. Baada ya yaliyotokea mwaka uliotangulia, dhana kwamba ukosefu wa uzito ndio uliowaua haikuwa ya ajabu. Uchunguzi ulithibitisha kwamba vali ilifunguka wakati wa kushuka na kuitoa hewa yote. Mwili haukuwa umeshindwa. Kilichoshindwa ni chombo. Tofauti hiyo iliokoa mpango wa safari ndefu.

5.0 Skylab: Maabara ya Mwili, 1973–1974

Kituo cha Marekani cha Skylab, kilichorushwa tarehe 14 Mei 1973, kilikuwa na nafasi kubwa, meza ya kulia chakula, baiskeli ya mazoezi na hata bafu la kukunjwa. Makundi matatu ya wanaanga watatu watatu yaliishi humo kwa siku 28, 59 na 84. Kwa mwanahistoria, mfululizo huo ni kama jaribio lililopangwa, kwa kuwa muda wa kukaa uliongezeka na dakika za mazoezi ziliongezeka pia.

Kundi la kwanza, la Pete Conrad, daktari Joseph Kerwin na Paul Weitz, lilitengewa takribani nusu saa ya mazoezi kwa siku, tena katika kituo kilichokuwa na joto kali kutokana na ngao yake kung'oka wakati wa kurushwa. Kundi la pili, la Alan Bean, Owen Garriott na Jack Lousma, lilitengewa takribani saa moja. Kundi la tatu, la Gerald Carr, Edward Gibson na William Pogue, lilifikia saa moja na nusu, na liliongezewa kifaa rahisi kilichobuniwa na daktari na mwanaanga William Thornton: bamba linaloteleza, ambalo mtu hutembea juu yake akiwa amevutwa chini kwa kamba za mpira.

Matokeo yalipindua matarajio. Waliokaa siku 84 walirudi na miguu yenye nguvu kuliko waliokaa siku 28. Kama ukosefu wa uzito ungekuwa sumu inayojikusanya siku hadi siku, jambo hilo lisingewezekana. Ilibainika kwamba hali ya mwili hutegemea saa za siku zilivyotumika zaidi ya idadi ya siku zenyewe. Hata hivyo, mifupa haikutii kanuni hiyo. Chakula chote kilipimwa, mkojo na kinyesi vilihifadhiwa na kurejeshwa maabara, na hesabu ilionyesha kalsiamu ikiendelea kutoka hata kwa waliofanya mazoezi zaidi.

Maisha ya kawaida nayo yalitoa mafunzo yake. Uzito wa mwili ulipimwa kwa kiti kilichofungwa springi, ambapo kasi ya kutikisika ilionyesha wingi wa mwili, kwa kuwa mizani haifanyi kazi mahali pasipo na uzito. Bafu liligeuka mzigo. Maji hayakutiririka bali yaling'ang'ania ngozi na kuta, na kuyafyonza yote baada ya kuoga kulichukua muda mrefu kuliko kuoga kwenyewe. Ndiyo sababu Kituo cha Kimataifa cha Anga hakina bafu, na wanaanga wake hujifuta kwa taulo zenye unyevu.

Kundi la tatu liliacha pia funzo kuhusu mamlaka juu ya saa. Siku ya kwanza Pogue alitapika, na wanaanga wakakubaliana kutoripoti. Mazungumzo yao yalikuwa yakirekodiwa, na Alan Shepard aliwakaripia hadharani kwa redio. Kisha waongozaji wa Houston waliwapangia kazi kwa kasi ambayo kundi la pili liliifikia mwishoni mwa safari yake, baada ya kuzoea. Carr na wenzake walichelewa, wakakosea, na wakala wakiwa wanafanya kazi. Tarehe 30 Desemba 1973 pande mbili zilizungumza kwa uwazi. Kazi ndogondogo ziliwekwa katika orodha ya kufanywa kwa wakati ambao wanaanga wangechagua, na muda wa kula na wa jioni ukaachwa huru. Tija yao ilipanda.

Baadhi ya maandishi ya baadaye yameligeuza tukio hilo kuwa mgomo au uasi. Wanaanga wenyewe wamelikanusha dai hilo, na mfuatano wa mambo hauliungi mkono: kilichofanyika ni majadiliano, nayo yalikubaliwa na pande zote. Kulikuza tukio hilo kuwa uasi kunaficha funzo lake halisi, yaani kwamba mwili unahitaji majuma ya kujifunza kuishi upya, na ratiba isiyotambua hivyo inaibiwa muda kwa makosa.

6.0 Salyut na Mir: Mazoezi Yanakuwa Kazi, 1977–1995

Baada ya Skylab, Marekani haikuwa tena na kituo chake. Safari ndefu zilibaki mikononi mwa Wasovieti. Salyut 6, kilichorushwa tarehe 29 Septemba 1977, kilikuwa na milango miwili ya kuunganisha vyombo, na kuanzia Januari 1978 vyombo vya mizigo vya Progress vilileta chakula, maji, mafuta na barua. Ukomo wa muda haukuwekwa tena na akiba ya ghala. Yuri Romanenko na Georgy Grechko walikaa siku 96 na kuipita rekodi ya Skylab mwezi Machi 1978. Baadaye zilifuata safari za siku 140, 175 na 185. Valery Ryumin alishiriki katika mbili za mwisho kati ya hizo.

Katika kipindi hiki mazoezi yalibadilika hadhi. Hayakuwa tena burudani au jaribio la kisayansi. Yalikuwa sehemu ya kazi, yakichukua hadi saa mbili na nusu kwa siku, yakigawanywa katika vipindi viwili na kupangwa kwa mizunguko ya siku nne, yaani siku tatu za juhudi na ya nne ya kupumzika. Kwa majuma ya mwisho iliongezwa suruali ya Chibis, ambayo hupunguza hewa kuzunguka miguu ili kuivuta damu chini na kuukumbusha moyo kazi yake ya zamani. Kabla ya kushuka, wanaanga walikunywa maji yenye chumvi ili kuongeza wingi wa majimaji mwilini. Hatua hizo zote zililenga saa chache za mwisho za safari.

Gharama yake ilikuwa ya kinafsi. Kukimbia saa nzima kila siku huku mikanda ikikata mabega, bila kwenda popote, ni kazi inayochosha roho. Shajara aliyoichapisha Valentin Lebedev baada ya kukaa siku 211 katika Salyut 7 pamoja na Anatoly Berezovoy mwaka 1982 inaonyesha uchovu, ukimya kati ya watu wawili na namna siku zinavyofanana. Huo ni ushahidi kwamba ratiba haikuulinda mwili peke yake. Iliigawa siku isiyo na mchana wala usiku wake wenyewe, kwani jua huchomoza na kutua mara 16 hivi katika saa 24.

Kilele cha mtazamo huo ni Valery Polyakov. Akiwa daktari, aliingia Mir mwezi Januari 1994 akiwa na lengo la kuonyesha kwamba mtu anaweza kufika Mirihi akiwa na uwezo wa kufanya kazi. Alirudi tarehe 22 Machi 1995 baada ya siku 437, rekodi ambayo haijavunjwa kwa safari moja. Alipotolewa ndani ya kapsuli alitembea hatua chache hadi kwenye kiti. Miaka 25 kabla, siku 18 zilikuwa zimetosha kuwafanya watu wawili wabebwe. Tofauti kati ya matukio hayo mawili haikutokana na dawa yoyote mpya. Ilitokana na saa mbili za kila siku.

7.0 Kituo cha Kimataifa: Suala la Mifupa

Kituo cha Kimataifa cha Anga, ambacho sehemu yake ya kwanza ilirushwa tarehe 20 Novemba 1998, kimekaliwa na watu bila kukatika tangu tarehe 2 Novemba 2000. Kilirithi mazoezi ya Mir pamoja na deni lake. Vipimo vya wanaanga wa Mir vilikuwa vimeonyesha kwamba mfupa wa nyonga hupoteza takribani asilimia 1 hadi 1.5 ya madini yake kila mwezi, licha ya kukimbia kwa bidii. Kukimbia kwa kuvutwa na mpira kulitunza moyo na kwa kiasi fulani misuli, lakini mzigo ulioufikia mfupa haukutosha.

Jibu lilikuwa kuongeza uzito wa mzigo badala ya muda. Mwishoni mwa mwaka 2008 ilifikishwa mashine ya mazoezi ya nguvu inayotumia mitungi ya ombwe, inayoweza kuiga mzigo wa hadi kilo 270 hivi. Mwanaanga huchuchumaa, huinua na hunyanyuka kwa visigino kana kwamba amebeba chuma. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 ulionyesha kwamba waliotumia mashine hiyo, wakala chakula cha kutosha na kupata vitamini D, walirudi na msongamano wa mifupa uliotunzwa vizuri zaidi. Uvunjaji wa mfupa uliendelea, lakini ujenzi nao uliongezeka. Yaani mfupa haukusimama ulivyokuwa, ulijengwa upya.

Siku katika kituo hiki hufuata saa ya kimataifa ya Greenwich. Wanaanga huamka saa 12 asubuhi na hulala kabla ya saa 4 usiku, ndani ya mfuko uliofungwa ukutani. Karibu na uso lazima hewa isukumwe na feni, kwa sababu hewa ya moto haipandi juu na pumzi iliyotoka ingebaki imemzunguka aliyelala. Mkate uliachwa tangu zamani, kwa kuwa makombo huelea na kuingia machoni na katika mitambo. Mahali pake pamechukuliwa na chapati za ngano. Jasho halidondoki. Hukusanyika mgongoni kama ganda la maji na lazima lifutwe, kisha unyevu wake, pamoja na mkojo, husafishwa na kunywewa tena. Mashine za kukimbilia zimewekwa juu ya vizuizi vya mtikisiko, ili nyayo za mtu mmoja zisiharibu majaribio ya wengine. Kwa hesabu ya jumla, mazoezi pamoja na maandalizi na usafi wake huchukua takribani saa mbili na nusu.

8.0 Mipaka ya Ratiba

Ushahidi wa muongo wa 2010 umeonyesha kwamba si kila badiliko la mwili linaweza kuzuiwa kwa mazoezi. Mwaka 2011 yalichapishwa maelezo ya wanaanga ambao neva zao za macho zilivimba na mboni zao kubonyea kwa nyuma kidogo, hivyo uwezo wao wa kuona vitu vya karibu ukapungua. Hofu ya mwaka 1962 kuhusu macho, iliyodhaniwa kuwa imezikwa na ubao wa John Glenn, ilirudi kwa sura nyingine. Glenn alikuwa angani kwa saa tano tu, na kilichohitajika kuonekana kilihitaji miezi.

Mwaka 2019 utafiti wa wanaanga 11 kwa kipimo cha ultrasaundi ulionyesha kwamba kwa 6 kati yao damu katika mshipa mkubwa wa shingo ilisimama au ilirudi nyuma. Kwa mmoja ilikutwa imeganda. Mwanaanga huyo hakuwa na dalili yoyote. Asingepimwa kwa ajili ya utafiti, asingejua. Taarifa ya kitabibu iliyochapishwa mwaka 2020 inaeleza kwamba alitibiwa akiwa hukohuko kwa sindano za kuzuia damu kuganda, zikipimwa kwa uangalifu kwa kuwa akiba ilikuwa ndogo, hadi chombo cha mizigo kilipoleta vidonge. Hapa mazoezi hayakuwa na la kusema. Majimaji yaliyohamia kichwani hayarudishwi na nguvu za mapaja.

Matokeo haya hayabatilishi historia iliyotangulia. Yanaiwekea mpaka. Ratiba iliyotokana na Soyuz 9 ilijibu swali la kusimama na kutembea, na ilijibu vizuri. Swali la damu na macho ni jingine, na halikuweza kuulizwa mpaka lile la kwanza lipate jibu.

9.0 Hitimisho

Insha hii imeonyesha kwamba ratiba ya mwanaanga ni kumbukumbu ya matatizo yaliyowapata watangulizi wake. Kichefuchefu cha Titov na ukimya wa Pogue vilifundisha kwamba siku za mwanzo zipunguziwe kazi. Miguu ya Nikolayev na Sevastyanov ilileta mashine ya kukimbilia. Tofauti kati ya makundi ya Skylab iliongeza dakika, vituo vya Salyut vilizigeuza dakika hizo kuwa wajibu, na mifupa ya wanaanga wa Mir ilidai mzigo mzito. Hakuna hatua kati ya hizo iliyotokana na nadharia peke yake.

Imebainika pia kwamba mfumo mzima umejengwa juu ya sharti moja ambalo halitajwi mara nyingi: kwamba anayerejea atapokelewa. Nikolayev na Sevastyanov walibebwa. Polyakov alitembea hatua chache, na kiti kilikuwa kinamsubiri. Hata leo wanaotua huinuliwa kutoka ndani ya kapsuli na kuwekwa mikononi mwa madaktari. Safari ya Mirihi itakuwa ya miezi kadhaa, na mwisho wake ni ardhi yenye mvutano unaozidi kidogo theluthi moja ya ule wa Dunia. Wa kwanza kufika atafungua mlango mwenyewe, na hapatakuwa na mtu nje. Kwa hiyo swali lililoulizwa katika nyika za Kazakhstan mwezi Juni 1970, la kama mtu aliyeshuka anaweza kusimama peke yake, halijafungwa. Limejibiwa kwa safari za kurudi nyumbani. Kwa safari ya kwenda ugenini, bado linasubiri jibu lake.